Haki ya Kusema Hayupo

Kwenye milima ya mpakani mwa majimbo ya New South Wales na Queensland, mashariki mwa Australia, kuna sehemu za juu kabisa ambako kijito bado hakijawa kijito. Ni maji yanayochuruzika kidogo kidogo kwenye tope jeusi, chini ya majani yaliyooza. Humo ndimo wanamoishi vyura wa jenasi ya Philoria, wenye urefu wa sentimita tatu hivi. Mtu anaweza kupita juu yao mwaka mzima asiwaone. Jike hutaga mayai ndani ya kishimo kwenye tope lile lile. Viluwiluwi wake hawaendi mtoni wala hawatafuti chakula. Hubaki kiotoni, wakiishi kwa kiini walichotoka nacho ndani ya yai, mpaka miguu iote na mkia uishe. Utoto wao wote hauzidi kiganja kimoja cha tope. Tope hilo likikauka hawana pa kukimbilia.

Mwaka 2019 lilikauka. Ulikuwa mwaka wa joto kali kuliko wote na wa mvua chache kuliko wote tangu Australia ianze kuweka kumbukumbu za hali ya hewa za nchi nzima. Kisha ukaja moto. Hadi mwanzoni mwa 2020 zaidi ya hekta milioni 24 zilikuwa zimeungua, na moto ulikuwa umeingia hata kwenye misitu ya mvua ya Gondwana, iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia, ukagusa zaidi ya nusu ya eneo lake. Misitu hiyo ni mabaki ya zama ambazo Australia, Antaktika, Amerika ya Kusini na Afrika yetu hii zilikuwa bara moja. Mikaratusi inayoizunguka imezoea moto. Ikiungua, huchipua upya kwenye shina lile lile jeusi. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo wametumia moto kwa maelfu na maelfu ya miaka kuitunza ardhi yao, moto mdogo, wa msimu wake, unaotambaa chini. Lakini miti ya msitu wa mvua ina magome membamba, na chura aliyezaliwa ndani ya tope hakuwahi kuwa na haja ya kuuzoea moto.

Watu 33 walikufa motoni, na moshi wake uliua wengine mamia. Nyumba zaidi ya 3,000 ziliteketea. Serikali ilitangaza mfuko wa dola bilioni 2 za Australia wa kuwainua walioathirika. Kwa ajili ya wanyama, mimea na makazi yao ilitenga dola milioni 50 Januari 2020, na mwezi Mei ikaahidi milioni 150 zaidi. Katikati ya hapo, mwezi Februari, jopo la wataalamu lilitoa orodha ya awali ya aina 113 za wanyama waliohitaji kuangaliwa haraka, na 17 kati yao walikuwa vyura. Ndipo watafiti wakapanda milima ile, kwenye mabaki ya miti iliyoungua, kuuliza kama Philoria bado wapo.

Aliyepoteza nyumba ana haki ya kuuliza: chura wa nini? Sitaki kulipita swali hilo haraka. Fedha ni za umma, msiba ni wa watu, na anayeuliza hivyo si lazima awe mtu asiyejali. Huenda amejali sana na sasa amechoka.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni la faida. Watu hukumbusha habari za chura wa Queensland aitwaye Rheobatrachus silus, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1973. Jike wa chura huyu alimeza mayai yake yaliyorutubishwa akalelea watoto tumboni, na kwa muda wote huo tumbo likaacha kumwaga asidi. Wanaotafuta tiba ya vidonda vya tumbo walikuwa na sababu nzuri ya kumtazama kwa makini. Hawakupata muda. Msituni alionekana mara ya mwisho mwaka 1981, na wa mwisho aliyefugwa alikufa mwaka 1983. Funzo linalotolewa hapo ni kwamba kila chura anayepotea huenda anaondoka na dawa.

Ni kweli, na bado hainitoshi. Kwa hesabu hiyo, chura asiye na dawa tumboni hana hoja. Tena tunamwahidi aliyepoteza nyumba malipo ambayo pengine hayatakuja kamwe, kisha tunamtaka awe na subira. Philoria, kwa kadiri inavyojulikana, hana chochote cha kutuuzia. Akitoweka kesho, bei ya unga haitapanda na hakuna mgonjwa atakayekosa kidonge. Kama kuna maana katika kumtafuta, lazima ipatikane bila kumpa chura huyu kazi ya kutufanyia.

Tuangalie basi fedha hizi zinanunua nini hasa. Hazimnunui chura. Hazirudishi msitu. Zinamlipia mtu mwenye tochi, fomu na viatu vya mlimani.

Mtu huyo anafika penye mchirizi wa maji. Anasimama, anasikiliza. Madume wa Philoria huita wakiwa chini ya ardhi au ndani ya matope na majani, kwa hiyo macho hayasaidii, na kuchimba ni kubomoa kiota kile kile unachotaka kujua kama kipo. Masikio ndiyo chombo kikuu. Anaandika tarehe, saa, hali ya hewa, kisha idadi ya madume aliowasikia. Penye msitu ulioungua, idadi hiyo mara nyingi ni sifuri.

Sifuri hiyo inasema nini? Huenda vyura wameungua. Huenda wamekauka kabla moto haujafika. Huenda wapo hai nusu mita chini ya miguu yake, wamenyamaza kwa sababu udongo bado mkavu na hakuna haja ya kuita jike asiyeweza kutaga. Huenda usiku huo una baridi tu. Huenda pale hawakuwahi kuwapo. Fomu inapokea sifuri hizo zote kwa sura moja, na mtafiti mwaminifu anajua kwamba bado hajui.

Kuna njia moja ya kuzitenganisha: kurudi. Tuseme chura aliyepo husikika katika nusu ya safari. Ukienda mara moja usimsikie, hujajua kitu cha maana. Ukirudi mara ya pili, ya tatu, ya nne, na zote ni kimya, uwezekano wa chura aliyepo kukunyamazia safari zote hizo unashuka hadi moja kwa kumi na sita. Sasa unaanza kuwa na la kusema. Kila safari ina mafuta ya gari, posho, mwenzako wa kufuatana naye usiku, na barabara ya mlimani ambayo moto umeiangushia miti. Hayo ndiyo mahitaji yanayoorodheshwa kwenye bajeti, na mhasibu akiyatazama huuliza kwa nini muende mahali pale pale mara nne. Kwa sababu kinachonunuliwa ni haki ya kusema hayupo. Asiye na haki hiyo, akitangaza kwamba chura ametoweka anakisia, na akitangaza kwamba yuko salama anakisia vile vile.

Watu wa pwani wanaielewa hali hii bila kufundishwa. Ngalawa isiporudi, familia haiweki matanga siku ya kwanza. Vyombo hutoka kutafuta, siku ya pili vikatoka tena, na wanaotoka si wote wanaoamini kwamba mtu atapatikana. Wanatoka kwa sababu aliyepotea ana haki ya kutafutwa, na kwa sababu kumtaja marehemu kabla ya kumtafuta ni kumfanyia jambo baya, hata kama ni kweli ameshakufa. Hakuna anayeuliza mvuvi huyo alikuwa akiingiza shilingi ngapi kwa mwezi.

Naamini maana ya utafiti huu iko karibu na hapo. Moto ule ulichochewa na joto ambalo binadamu tumelichangia kwa moshi wa viwanda na magari yetu, na baadhi ya vilivyoungua havikuwa na uwezo wowote wa kujisemea. Kwenda kuuliza nani amebaki ni sehemu ya kuwajibika kwa tulichofanya. Mtu anaweza kulipa fidia bila kuwajibika. Anaweza pia kuwajibika mahali ambapo hakuna wa kupokea fidia.

Na majibu yaliyopatikana yanaonyesha kwa nini kurudi kuna thamani. Watafiti walishughulika na aina mbili, Philoria kundagungan na Philoria richmondensis. Kwa ya kwanza, moto uligusa kama asilimia 30 ya makazi yanayoifaa. Kwa ya pili, asilimia 12. Kwa kundagungan athari ilikuwa wazi: penye moto vyura walipungua, na mahali walipokuwapo zamani uwezekano wa kuwakuta tena ulishuka. Hata hivyo baadhi yao walibaki ndani ya msitu ulioungua, jambo ambalo mtu aliyeutazama msitu ule kwa mbali asingelidhania. Kwa richmondensis hadithi ilikuwa nyingine. Moto haukuingia sana kwenye kitovu cha makazi yake, lakini ukame uliotangulia ulikuwa umeshapunguza sana sauti za madume. Mvua ziliporudi, madume wakaanza kuita tena.

Fikiria mtafiti aliyekwenda mara moja tu, wakati wa ukame ule. Angeandika sifuri, sifuri, sifuri. Kisha moto ukapita, na kila mtu angesema moto umemmaliza chura. Kosa lingekuwa mara mbili: angeuawa chura aliye hai, na ukame, ambao ndio uliomnyamazisha, ungeachwa huru kama shahidi asiyehusika. Wanaopanga kumlinda wangetumia fedha zote kuzuia moto na kuusahau udongo unaokauka.

Mwaka 2020 ulitoka pia ukadiriaji uliosambaa dunia nzima: karibu wanyama bilioni 3 walikuwa kwenye njia ya moto, na kati yao vyura milioni 51. Sidharau kazi iliyofanywa kufikia namba hiyo. Iliwaamsha watu. Lakini nimejaribu mara nyingi kuifikiria milioni 51 ya vyura na sijaweza, akili hupitiliza. Dume mmoja anayeita penye mchirizi mmoja, palipoandikwa sifuri safari tatu mfululizo, huyo ninaweza kumfikiria.

Hapa nafika kwenye jambo linalonishughulisha kuliko mengine yote. Haki ya kusema hayupo hainunuliwi yote baada ya moto. Nusu yake hulipwa kabla, wakati hakuna sababu yoyote inayoonekana ya kuilipa. Huwezi kujua kwamba vyura wamepungua kama hujui walikuwa wangapi. Watafiti wa Philoria waliweza kulinganisha kwa sababu kuna waliosimama kwenye michirizi ile ile miaka ya kabla, wakiandika namba ambazo siku hizo hazikumsisimua mtu.

Novemba 2017, miaka miwili kabla ya moto, Makumbusho ya Australia mjini Sydney yalizindua programu ya simu iitwayo FrogID. Ukisikia chura, unamrekodi. Rekodi inakwenda pamoja na mahali na wakati wake. Mtaalamu anaisikiliza na kusema ni chura gani. Watu walirekodi kwenye mabwawa ya mashamba, kwenye mitaro, nyuma ya nyumba zao. Moto ulipokwisha, Jodi Rowley, mtafiti wa makumbusho hayo, na wenzake walikuwa na kitu ambacho fedha zote za Januari 2020 zisingeweza kukinunua: sauti za kabla. Waliweza kuonyesha kwamba aina 45 za vyura zilisikika tena kwenye maeneo yaliyoungua katika miezi michache ya mwanzo.

Anayetoa ruzuku huuliza, kwenye fomu yake, matokeo yanayotarajiwa ni yapi, nani atanufaika, na lini. Ni maswali ya haki kwa mtu aliyekabidhiwa fedha za watu wengine. Lakini mtu aliyerekodi chura wa mtaroni mwaka 2018 asingeweza kuyajibu. Maana ya rekodi ile haikuwapo bado. Ililetwa na moto, miaka miwili baadaye. Tumezoea kudhani kwamba kazi yenye maana inajulikana tangu inapoanza, na kwamba isiyojulikana maana yake ni anasa. Mimi naona ziko kazi ambazo maana yake huchelewa, na mwenye kuzifanya hana budi kuzifanya kwa uaminifu ule ule kana kwamba maana hiyo imeshafika. Nyingi ya kazi hizo ni za kuangalia na kuandika: mvua iliyonyesha, watoto waliozaliwa kijijini, vyura walioita.

Fedha huja kwa mtindo mwingine. Huja na moshi, picha zikiwa bado kwenye televisheni, na huondoka mkataba ukiisha. Programu ya kitaifa iliyobeba sehemu kubwa ya tathmini za haraka za baada ya moto, kituo cha utafiti wa viumbe walio hatarini kilichoanza mwaka 2015, ilifika mwisho wake mwaka 2021 kama mkataba ulivyopangwa. Moto ulikuwa haujatimiza hata miaka miwili. Msitu wa mvua ulioungua unahitaji miongo mingi kurudisha kivuli chake, na chura wa topeni anahitaji kivuli hicho kuliko kitu kingine chochote. Swali la moto kwake lina umri mrefu kuliko mkataba wowote.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna uhusiano na vyura hawa kwa njia ambayo sikuitarajia. Mmoja wao, Philoria loveridgei, aliyepewa jina mwaka 1940, ana jina la Arthur Loveridge, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika idara ya wanyamapori ya Tanganyika kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Harvard. Loveridge alipanda Uluguru na Usambara, akisaidiwa na wakusanyaji wa huku huku ambao majina yao wengi wetu hatuyajui, ingawa masikio na mikono yao ndiyo iliyowapata wengi wa viumbe wale. Vielelezo alivyokusanya viko Harvard mpaka leo, vina mahali na tarehe. Mtu akitaka kujua leo ni chura gani aliyekuwa akiishi kwenye mlima fulani kabla msitu wake haujakatwa au kuchomwa, huanzia huko. Inaniuma kwamba kumbukumbu za milima yetu ziko ng'ambo ya bahari. Ingeniuma zaidi kama zisingekuwapo.

Na tunajua gharama ya kuchelewa. Chura wa maporomoko ya Kihansi, Tanzania, aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa umeme wa maporomoko yale ukiwa umeshaanza. Alipewa jina la kitaalamu huku maji yanayomnyeshea manyunyu yakikaribia kuelekezwa kwenye mitambo. Mamia yao walisafirishwa hadi Marekani mwaka 2000 ili wasipotee kabisa. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwenye korongo lao. Mamilioni ya dola yamepita humo. Kama chura yule angefahamika miaka ishirini kabla, sidai kwamba bwawa lisingejengwa. Nchi ilihitaji umeme. Lakini waliokaa mezani kuamua wangekuwa na mtu mmoja zaidi wa kumfikiria.

Huko Australia jambo kama hilo limetokea tena, kwa utulivu zaidi. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza aina mpya ya Philoria, Philoria knowlesi, chura wa milima ya eneo la Mount Ballow kwenye mpaka ule ule, ambaye hadi hapo alikuwa akihesabiwa ndani ya aina nyingine. Moto wa 2019 ulipokuwa ukipanda misitu ya mpaka ule, chura huyu hakuwa na jina. Hakuwa na nafasi yake mwenyewe miongoni mwa wale 113. Kama angetoweka wakati ule, hakuna ambaye angekuwa na haki ya kusema hayupo, kwa kuwa alikuwa hajatambuliwa rasmi kuwa aina ya peke yake. Nimelifikiria hilo sana. Ni kupotea kwa aina nyingine kabisa, kusikoacha hata pengo kwenye orodha.

Kila Novemba, Makumbusho ya Australia huwaomba watu watoke nje na simu zao kwa siku kadhaa, warekodi wanachosikia. Rekodi nyingi zinazoingia ni za vyura wa kawaida, wale ambao hawamo kwenye orodha yoyote ya walio hatarini na ambao hakuna serikali itakayowatengea hata senti. Ningekuwa na uwezo wa kugawa fedha za utafiti, ningeanzia hapo, na penye ile michirizi ya mlimani katika mwaka wa mvua nzuri, wakati madume wanaita kila jioni na fomu zinajaa namba kubwa zisizomshtua mtu yeyote.